Juma Nililopima Kisima Nikiwa Kitandani

Mke wangu alipoanza masomo ya masta kuhusu maji ya chini ya ardhi, nilijua nitagawana saa zake na vitabu. Sikujua nitagawana kicheko chake na mwanaume mwenye buti za mpira.

Masomo yale yalipangwa kwa watu walio kazini. Siku za juma alikuwa ofisini, kwenye huduma ya maji hapa Bunia. Jumamosi alikaa darasani kutwa nzima, mbele ya walimu waliotoka Kisangani, au waliosema kutoka ndani ya kompyuta siku ambazo umeme ulikubali. Mwenzake wa ofisi, ndiye huyo wa buti, alijiandikisha pamoja naye, na kazi yao ya mwisho ilikuwa moja: kupima kina cha maji katika visima vinane vya mji, kila asubuhi, msimu mzima wa mvua.

Walikaa uani kwetu, wametandaza ramani juu ya meza ninayoandikia riwaya. Waliongea habari za mchanga, udongo mwekundu na jiwe gumu lililolala chini yake, kwa ile sauti ambayo watu huulizia hali ya jamaa wa mbali. Mimi nilipika chai. Miaka mitatu nilikuwa nikiandika moyo wa mwanamke mmoja, na huyu wangu alikuwa anang'aa macho kwa sababu ya changarawe.

"Shemeji, kuya uone!" yule mwenzake aliniita siku moja. "Hii kisima ya juu, mvua ikinyesha leo, maji yake inafika kisha siku kumi na tano. Inatembea pole sana!"

"Pole kuliko riwaya yake?" mke wangu akauliza.

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka. Habari ya kisima ilinipita. Kilichobaki masikioni mwangu ni jinsi vicheko vyao vilivyoanza pamoja na kuisha pamoja.

Kisha mke wangu akaitwa Kisangani kwa mitihani ya juma moja. Zamu ya mwenzake ingefuata baada ya mwezi, maana ofisi haikuweza kuwaachilia wote. Kisima cha juu kilikuwa karibu na nyumba yetu, na mke wangu ndiye aliyekipima kila asubuhi.

"Naweza kupita mimi," mwenzake alisema.

"Hapana," nikajibu haraka. "Nitapima mimi."

Mke wangu alinitazama kwa furaha iliyonichoma. Akanipa utepe wa kupimia, ule unaolia ncha yake ikigusa maji. "Ufike mbele ya jua. Mama wa kwanza akiisha kuchota, maji imeshuka, kipimo imekufa. Basi usiandike kitu."

Siku mbili nilikwenda. Wanawake waliokimbia vita vya Djugu, wanaokaa kambini juu ya kisima, walikuwa wamepanga bidoni zao za maji, za njano, kukizunguka, wamejifunga vitenge mabegani kwa baridi. Walikuwa wamezoea kungoja utepe utoke ndipo ndoo iingie.

"Aa, bwana ya madame wa maji!" mmoja wao aliita. "Amekutuma? Na kupika, unapikaka?"

"Napikaka, mama."

"Basi ni weye uliyeolewa!"

Waliangua kicheko, nami nikacheka nao.

Jioni ya siku ya pili mke wangu alipiga simu. Aliuliza kipimo, akaandika, akasema lazima ampigie mwenzake, kuna zoezi moja limewashinda. Nilipompigia baadaye kumwambia neno nililokuwa nimelisahau, simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Chai ikapoa, mwanga ukaondoka uani, na simu bado ilikuwa inatumika.

Kesho yake sikuinuka. Nilichukua daftari nikiwa kitandani, nikaandika kina cha maji ya kisima kama ninavyoandika mtu ambaye sijawahi kumwona. Siku iliyofuata pia. Alhamisi mvua ilipiga mabati mchana mzima, basi Ijumaa nikapandisha maji daftarini. Mvua imenyesha, kisima kimejaa: nani angebisha?

Mke wangu aliporudi, mwenzake alikuja. Walifungua daftari. Niliwangoja wacheke.

"Usiku moya tu?" mwenzake alisema polepole. "Mvua imeingia kwa usiku moya?"

Mke wangu alivuta kiti. "Kuko ufa kwa jiwe. Na vyoo vya kambi viko palepale juu." Alikuwa tayari ameshika simu. "Kama mvua inaingia mbio hivi, uchafu pia inaingia. Leo hii wafunge kisima. Bamama waende kuchota chini, kwenye mto."

Niliziona zile bidoni zikishuka bondeni hadi mtoni, zikipanda tena zimejaa maji ambayo ng'ombe wamekanyaga. Aliweka simu sikioni.

"Sikwenda," nikasema.

"Wapi?"

"Kisimani. Tangu Jumatano. Hizo namba nimetunga."

Aliteremsha simu. Mwenzake alisimama, akatafuta buti zake mlangoni kwa muda mrefu, akaondoka bila kuniangalia. Laiti angenitukana.

Mke wangu alichukua rula, akapiga mstari juu ya namba moja baada ya nyingine. "Mbele ya walimu nitasema ni siku bila kipimo," alisema. "Wataniuliza sababu."

"Utawaambia nini?"

"Weye ndiye mwandishi. Uniambie."

Nilimwambia kwamba nilikuwa na wivu. Aliniuliza wivu wa nani, nami sikuweza kulitaja jina la yule mtu ndani ya nyumba yetu. Akafunga daftari.

Juma lililofuata kazi ya nje ya ofisi ilimpeleka Irumu siku mbili. Aliniomba jambo moja tu: utepe umfikie mwenzake. Nikaufuta utepe, nikaukunja vizuri, nikampa mwenzake pale langoni, kungali giza.

"Merci, shemeji," akasema, na kupanda kuelekea kisimani.

Nilibaki nimesimama pale. Nilimwonea wivu hata kwa ile baridi iliyompiga njiani. Baada ya kitambo nikasikia wanawake wakimtania, yeye akiwajibu, kisha ndoo ya kwanza ikagonga maji.