Soli ya Mguu wa Kushoto

Saa kumi na mbili asubuhi, katika uwanja mmoja wa wilaya ya Annexe, Lubumbashi, Katungu Graciella anamimina unga mweupe ndani ya glasi ya maji. Anakoroga kwa kijiti. Maji yanakuwa meupe kama maziwa.

Anachukua glasi ya pili na unga mwingine. Huu hata ukikorogwa mpaka mkono uchoke, unapanda juu ukiwa mkavu vilevile.

"Yote mbili ni plastiki, ile ya bidoni, madumu ya maji," anasema. "Lakini huu wa kwanza walishautengeneza ngozi ya kila chembe kiwandani, hauogopi maji. Inashika. Ule mwingine haishike kitu."

Kushika ndiyo kazi yenyewe. Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja anatengeneza soli za buti za wachimba madini. Anachanganya dawa mbili za majimaji zinazoganda kuwa soli, anatia unga, anamimina kwenye kalibu za aluminiamu. Chembe za unga zikishikamana na soli, jiwe haliili upesi. Zisiposhikamana, zinadondoka moja moja na soli inabaki na matundu.

Ujuzi huu alitoka nao Goma, alikokuwa akiuza gundi na soli kwa jumla. Mji ulipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, duka lake lilivunjwa na mali ikabebwa yote. Akazunguka nchi za jirani na watoto watatu, akaingia tena Kongo kupitia Sakania, mpakani na Zambia.

"Nilifika na nguo ya mwilini," anasema, kisha anacheka. "Na deni hapana! Kwa mufanyabiashara hiyo ni jambo kubwa."

Fundi viatu mmoja mwenyeji, Chishimba, alimpa kona ya uwanja wake. Machi, mvua ikiwa bado kali, Katungu akatoa jozi arobaini za kwanza. Zote zikaenda kwa wachimbaji wa Kambove.

Siku ya tisa, mmoja wa wachimbaji walionunua, aitwaye Kapya, alirudi na gunia. Akalimwaga mlangoni, watu wakitazama. Soli zilikuwa zimevimba, zimejaa mapovu, zimekatika katikati.

"Mama, nilinunua soli ao mikate?" aliuliza.

Aibu hiyo, Katungu hajaisahau. Alilia, hafichi.

Kosa lilikuwa la kisokoni kabisa. Muuza unga wa mahindi hukunja mdomo wa gunia ili mali ionekane. Naye alikunja vivyo hivyo, na kila mgeni aliyepita alionyeshwa mambo ya glasi.

"Nilimwambia, Mama Katungu, funga ule mufuko, mvula iko inanyesha!" anasema Chishimba. "Akanijibu eti mufuko ya kufunga bantu habataiona."

Unga ule, kwa kuwa haukatai maji, ulinyonya unyevu wa mvua nzima. Na zile dawa mbili zikikutana na maji hutoa mapovu. Uzuri wa unga ndio uliomponza.

Katungu alirudisha fedha za watu mpaka akabaki na kalibu na masalio ya unga na dawa tu. Mfua sufuria wa jirani alikuwa tayari kuzinunua kalibu aziyeyushe. Katungu akamwomba asubiri jaribio moja. Likishindikana, azichukue.

Safari hii alianika unga juani, akaufungia ndani ya bidoni yenye kifuniko. Juni akamfuata Kapya na jozi moja tu ya buti: mguu wa kushoto soli yenye unga, wa kulia isiyo na unga. Kapya alikubali kwa sharti kwamba halipi hata faranga moja.

Tuko katikati ya mazungumzo haya pale Kapya mwenyewe anapoingia getini, miezi mitatu kamili tangu apewe buti hizo. Anachechemea. Katungu anasimama, glasi mkononi.

"Umeumia, ndugu yangu?"

"Niumie wapi! Angalia kazi yako!" Anakaa chini, anavua buti zote. Soli ya kulia imelika hadi kitambaa. Ya kushoto bado ina meno yake. "Upande moja iko juu, upande moja iko chini. Kambove bantu banasema nimekuwa kilema!"

Chishimba anacheka hadi anashika ukuta. Katungu hacheki. Ameketi kwenye ndoo, anaipapasa ile soli kwa kidole gumba.

"Tuko bantu makumi sita mu shimo," Kapya anasema. "Banataka bote. Lakini anza na muguu yangu ya kuume."

Katungu anaomba abaki na buti la kushoto awaonyeshe wateja. Kapya analinyakua.

"Hapana, mama. Onyesha glasi yako. Hii iko inatembea."

Mfua sufuria ametumiwa habari kwamba atafute aluminiamu kwingine. Mwakani Katungu anataka kufungua meza Kambove. Na Goma?

"Goma nitarudia tu," anasema, akifunga bidoni kwa nguvu. "Nilitoka mbio. Nitarudia na kazi."