Mamba wa Nyumbani Kwetu

Majina hayanipotei. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kisha kaka zangu wakaendelea na mimi nikabaki na jembe, lakini niulize aliyekaa nyuma yangu darasani, niulize wake wote wa maaskari jela tuliokaa nao Mbale, watoto wao, hata mbwa wao, nitakutajia. Humu sitamwandika hata mmoja. Nitasema mume wangu, mwanangu, mke wa mwanangu, jirani. Wenyewe wakisomewa watajijua.

Nayasema haya kwanza ili mjue kwamba haukuwa usahaulifu wa uzee. Jina moja nililokosea, nililikosea nikiwa na akili zangu zote, saa nne ya asubuhi, nimekaa mlangoni kwangu Mpumudde, Jinja, nachambua mchele.

Mume wangu alikuwa askari jela, mtu wa kaskazini. Mimi ni Msoga. Lugha yangu hakuijua, na yake sikuiweza, basi nyumba yetu ilisema Kiswahili, kile cha kambini kisichojali sana. Watoto walikulia humo. Lakini samaki walibaki na majina ya kwetu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawapika. Sangara tulimwita mputa. Mamba alikuwa yule samaki mrefu wa matopeni, mwili kama nyoka, anayetoa kichwa juu ya maji kuvuta pumzi. Mimi simli. Mama yangu hakumla, wala bibi yangu. Mwanamke wa kwetu aliyelelewa vizuri hamli. Wanaume walimla na kulamba vidole. Na yule mnyama wa meno anayekamata watu tulimwita goonya. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani, na mimi sikujua kwamba Waswahili wengine wanasema vingine.

Uvuvi wetu ulitoka mlimani. Mbale mume wangu alikuwa na afande wake aliyependa kupanda Mlima Elgon kuvua trauti, samaki wa madoadoa wa maji baridi, kwa vindoana vidogo vilivyofungwa manyoya. Mume wangu alibeba kikapu na kutazama. Tulipohamishiwa Jinja akajaribu vile vya manyoya ziwani, upepo ukamrudishia usoni. Ndipo akaweka kichwa cha risasi kwenye ndoana, izame. Unairusha, unaiacha ifike chini, unainua fimbo taratibu, unaachia. Inaruka na kuanguka kama samaki mdogo aliyeumia, na ikiwa inaanguka ndipo mkubwa anaimeza.

Kuzitengeneza kulinishukia mimi, maana mikono yake ilikuwa minene. Naenda gereji kuomba vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu za magari, naviyeyusha ndani ya kopo juu ya sigiri ya makaa, namimina kwenye kalibu ya udongo wa kichuguu niliyokwisha laza ndoana ndani yake. Ikipoa nafunga nywele za mkia wa mbuzi kwa uzi wa kushonea. Siku moja wageni walikuja kwa jirani, wakauliza mama huyu anapika nini chenye moshi wa namna hii. Nikajibu, napika risasi za mzee. Miaka ile Kiswahili kilikuwa cha watu wenye bunduki. Wale wageni hawakungoja chai. Mume wangu alicheka wiki nzima, akawa ananiita afande wa silaha.

Alipokufa, fimbo ilichukuliwa na mwanangu, kitinda mimba wangu. Alikuwa akiishi Namakwekwe, kule Mbale, na mkewe, ni fundi wa malori, na malori yenyewe mengi ni ya Wakenya wanaopita barabara kuu. Kwao alijifunza Kiswahili kilichonyooka, akawa ananisahihisha. Kila alipopata nafasi alikuja Jinja kuvua. Nampa ndoana sita, anarudi na mbili, nyingine zimenasa kwenye mawe akakata mshipi. Nilimgombeza kwelikweli. Nilimwambia mimi macho yangu haya yamechoka, kila nywele naifunga kwa kupapasa, na yeye anaziacha ziwani kama maganda ya karanga. Akasema, "Basi mama, nitakuwa nazifuata kwa mguu." Tukacheka.

Asubuhi hiyo alipita kwangu na rafiki yake, dereva Mkenya, wakanywa chai, wakachukua ndoana, wakaenda mwalo wa wavuvi ulio mbali na mji, kwenye mawe. Saa nne simu yangu ikalia. Ni ujumbe wa sauti. Alisema, "Mama, huku kuna mamba. Mkubwa. Ametoa kichwa, ametutazama, amezama."

Mimi nikamwona yule samaki wa kwetu, ametoa kichwa kuvuta pumzi kama kawaida yake. Nikabonyeza nikajibu, huku nacheka. Nitayaandika maneno yangu kama yalivyo, maana nimekwisha yarudia mara nyingi kuliko sala: "Umemwona na bado unaongea na simu? Mimi simli, lakini jirani anamla. Usirudi bila yeye."

Nikamwambia jirani aandae sufuria. Nikanoa kisu.

Mchana yule dereva alikuja kwa bodaboda peke yake. Alikuwa amelowa mpaka kifuani na ameshika viatu vya mwanangu. Akasimama pale uani, akasema, "Mama, ni mamba."

Nikamwambia ujumbe niliupata, mbona hamjambeba, au ni mzito mkamwacha mwenzako anamvuta peke yake. Alinitazama mimi, akatazama kisu, akatazama beseni nililoweka tayari. Jirani yangu aliolewa Busia upande wa Kenya miaka mingi kabla ya kurudi. Yeye ndiye aliyeelewa. Alikuja akanitoa kisu mkononi, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto, akaniambia kwa lugha yetu ya Lusoga neno moja tu. Goonya.

Tulizika kilichopatikana, karibu na baba yake.

Dereva alieleza mbele ya wazee. Alisema walihama pale walipomwona yule mnyama, wakaenda upande wa pili wa mawe. Huko ndoana ya mwanangu ikanasa, akakunja suruali, akaingia maji ya magotini kuinasua. Wote waliitikia kwa kichwa. Mimi sikuamini. Niliona mtu mwema anayemstiri mama mzee. Moyoni nilijua mwanangu alisikia sauti yangu ikimwambia asirudi bila yeye, na huyu alikuwa mtoto wa kunifanyia ubishi, ukimwambia huwezi, anaweza. Labda aliingia kunionyesha. Labda hakuelewa kwamba sikuelewa. Dereva akarudi na lori lake Kenya, nami sikuwa nimemuuliza. Niliogopa atasema kweli.

Miezi miwili nilikaa hivyo. Nilikuwa nala, nasalimia watu, nauliza hali za watoto wao kwa majina. Nikirudi ndani nasikia usirudi, usirudi. Mwishowe nikapanda gari kwenda Mbale kwa mke wa mwanangu. Simu ya mwanangu, aliyoiacha juu ya mawe pamoja na viatu, alikuwa nayo yeye.

Nilimkuta ametoka sokoni Nakaloke, mguu una vumbi, amekonda. Hatukuulizana habari nyingi. Nilimweleza nilichofuata: kwamba kuna maneno nilimpelekea mumeo, nataka kujua kama aliyasikia kabla hajaingia majini. Alifungua sanduku la nguo, akaitoa simu ndani ya shati la mumewe. Akasema, "Mama, sijaiwasha. Tangu siku ile niliona nikiiwasha na kuikuta haina neno aliloniachia, nitaumia, na nikilikuta nitaumia."

Tukaichaji. Tuliketi tukiitazama kama watu wanaongoja ugali uive. Ilipowaka haikuwa na bando, kwa hiyo akaenda dukani kwa jirani akanunua. Akarudi, akaingiza namba za vocha. Nikiwa nangoja anifungulie nione, simu yangu mimi ikalia ndani ya mkoba.

Nikaitoa. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la mwanangu.

Mke wa mwanangu akashika mdomo. Mimi nilidhani nimekufa. Yeye ndiye aliyetambua, akili zake zikiwa bado nyepesi: mwanangu alijibu siku ile ile, bando likawa limekwisha, jibu likabaki ndani ya simu linangoja njia. Miezi miwili lilikuwa sandukuni, ndani ya shati.

Tulilisikiliza tumeshikana. Upepo wa ziwa ulikuwemo, na kicheko chake.

"Mama wewe. Si yule wa kwetu, ni goonya. Utawalisha majirani goonya? Sisi tunahama, tunakwenda upande wa pili wa mawe. Sikia, ile nyeupe uliyofunga juzi ndiyo inayokamata, nyingine zote wamezikataa. Hii siipotezi. Leo hutanigombeza."

Basi. Ikawa kimya.

Mke wa mwanangu alianza kulia, lakini kilio kizuri, cha mtu aliyetua mzigo kwa niaba yangu. Alinishika mabega. "Umesikia, mama? Alielewa. Hakuyafuata maneno yako. Dereva alisema kweli."

Nikasema nimesikia.

Akanipikia chai, akaweka tangawizi kama nipendavyo, akawa ananieleza mambo ya soko, mara ya kwanza tangu mazishi namwona anaongea huku uso umefunguka. Nilimwacha na furaha yake hiyo ndogo. Yeye alisikia kicheko, na jinsi mumewe alivyoelewa. Sikumwambia mimi nimesikia nini. Dereva alisema kweli: waliepuka pale penye mnyama, wakawa salama, mwanangu akaingia majini kwa ajili ya ndoana. Nyeupe. Nywele zake zilitoka mkia wa mbuzi wa jirani, nilimwomba mwenyewe kwa maneno mazuri.

Sasa nyumbani kwangu wavuvi bado wanakuja kuulizia risasi. Nawaambia macho yamekataa, nao wanaamini, kwa umri wangu. Kalibu iko chini ya kitanda. Ujumbe ule sijaufuta, wala sijausikiliza tena.

Mshipi dereva aliukata siku ile, ulipomzuia alipokuwa anamkimbilia mwanangu. Ndoana yenyewe ilibaki pale kwenye jiwe, chini ya maji ya magotini. Naijua kazi yangu. Ile nilizungusha uzi mara ishirini, nikapiga mafundo matatu, nikapaka gundi juu yake ili asiipoteze. Haitafunguka.