Kioo cha Mkokoteni wa Kuoshea Injini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu, akanipeleka kwenye kona ya hanga, banda la ndege. Palikuwa na mkokoteni wa matangi mawili, geji ya presha na mpira mrefu uliozungushwa.

"Zubeda, huyu ndiye mume wako," akasema. "Ana magurudumu, lakini haendi popote bila wewe."

Mafundi wakacheka. Mimi, mtoto wa mjini Mwanza niliyetoka chuo na cheti cha ufundi wa ndege, nikaona nimepewa udobi. Nilinuna wiki nzima.

Ninyi vijana mnaoanza leo, nawaambia: niliipenda kazi ile kuliko zote zilizofuata. Injini ya turbini huishi kwa hewa. Mbele ina kompresa, yaani safu za mapanga madogo yanayovuta hewa na kuishindilia kabla haijakutana na mafuta. Ziwa letu nalo lina wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi. Wakiingia humo hugeuka uji na kuganda juu ya mapanga. Injini hukosa pumzi, na joto lake hupanda.

Basi kila mara tulisubiri ipoe, maana maji kwenye chuma cha moto ni balaa. Mwenzangu aliizungusha kwa stata bila kuiwasha, nami nikaipulizia sabuni mdomoni. Tuliiacha iloweke, nikaisuuza, kisha ikawashwa ijikaushe.

Maji yenyewe hayakuwa ya bomba wala ya ziwani. Yalikuwa yameondolewa chumvi zote, yakaletwa kwa madumu. Mhandisi Mkuu, Mhaya mmoja mpole asiyependa kurudia neno, alikuwa amefunga kioo kidogo kwenye mshikio wa mkokoteni. Kabla ya kuosha unadondosha tone juu yake, unaliacha likauke. Likiacha duara jeupe, kama ukoko wa ndani ya birika, maji hayo yana chumvi, yamwage.

"Mimi nasaini kitabu cha ndege," aliniambia, "ila mbele ya kalamu yangu kuna jicho lako. Ukisema tayari, siji kuchungulia."

Mwaka wa tatu aliandika barua ya kuniombea leseni, nami niweze kusaini. Ilikuwa mezani kwake, ikisubiri kutumwa, asubuhi aliyokuja bibi harusi. Familia yake ilikuwa imekodi ndege yetu impeleke Bukoba kwenye harusi yake. Nikiwa navuta mkokoteni, akanijia.

"Dada, naomba kioo chako. Wanja umenivurugikia."

Nani amnyime bibi harusi kioo? Nikakifungua nikampa. Miezi mingi tone halikuwa limeacha alama yoyote, nikaosha bila kupima. Mhandisi Mkuu akauliza, "Tayari?" Nikajibu, "Tayari, mzee." Akasaini.

Kioo kiliporudi, kwa mazoea tu nikadondosha tone la maji yaliyobaki tangini. Jua likalikausha. Likabaki duara jeupe pe.

Nilimkimbilia dereva aliyeleta madumu. "Dumu moja lilipasuka njiani," akasema bila wasiwasi, "nikajazia kisimani kule Buswelu. Maji safi kabisa, dada, hata mimi nimeyanywa."

Injini isingezimika siku ile. Ukoko hujijenga polepole, na hakuna ambaye angejua. Niliwaza leseni yangu, sikatai. Halafu nikaiwaza ile sahihi, jinsi mzee alivyoiweka bila hata kuniangalia mara mbili. Nilimfuata mbele ya wajomba wa bibi harusi.

"Mzee, usiiruhusu. Sikupima. Maji yana chumvi."

Alikifungua tena kitabu. Kitabu cha ndege hakifutwi. Alipiga mstari mmoja juu ya sahihi yake, watu wakimtazama, akanipa kalamu. "Andika sababu. Kwa mkono wako."

Niliandika: Maji hayakupimwa. Aliyeosha ni mimi. Machozi yakanitoka.

"Hayo nayo usiyadondoshee kwenye kioo, waitu," akasema taratibu, kwa neno la upole la Kihaya. "Yana chumvi."

Nilicheka huku nalia. Tuliosha upya kwa maji yaliyopimwa. Wajomba walinung'unika mpaka bibi harusi mwenyewe akawakatiza: "Waacheni. Mume ananisubiri mimi mzima, hasubiri vipande."

Barua ya leseni ilikaa mezani miezi sita zaidi, kisha akaituma. Nilifanya kazi Bukoba, nikarudi Mwanza, na mzee alipostaafu akaenda kwenye migomba yake Kagera, baada ya miaka nikakalia kiti chake. Kioo nilikikuta palepale. Mikokoteni ya sasa ina kipimo cha umeme kinachosoma maji kwa namba, nami nakiheshimu, lakini kioo sikukiondoa.

Siku yangu ya mwisho, mwaka huu, mafundi walitaka sahihi yangu ya mwisho iwe kwenye kazi ya Neema, binti anayeosha injini siku hizi. Keki ilikuwa mezani, wageni wamesimama. Nilikuwa nimeshaweka kalamu kwenye karatasi aliponishika mkono, mimi mkuu wake, mbele ya watu wote.

"Samahani, mama," akasema. "Subiri kidogo. Tone halijakauka."

Katika maisha yangu yote ya kazi, sijawahi kuzuiwa nikafurahi kama siku ile.