Sori ya Kazi Zote

Shemeji yangu ni dobi, na mtaani kwetu wanamwita Bwana Sori. Msidhani anachukia. Analiitikia jina hilo haraka kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mimi ni msusi, mlango wangu unatazamana na wa duka lake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nimeyaona mwenyewe, mikono ikiwa kichwani mwa mtu.

Neno lenyewe alilitoa hotelini. Kabla hajafungua duka alikuwa akifua kule chini, kwenye vyumba ambavyo wageni hawafiki, na kulikuwa na meneja ambaye kazi yake kubwa, kwa maelezo ya shemeji, ilikuwa kusema sori. Maji ya moto yakikatika, sori. Mgeni akiletewa supu ya jana, sori. Na hakuna siku meneja yule aliyowahi kutoa kitu mfukoni. Shemeji akaona hapa pana elimu. Wenzake waliiba sabuni, yeye akaiba neno, akapita nalo getini na mlinzi asimpekue.

Sisi tuliobaki na Kiswahili chetu tuna taabu. Mtu akifikwa na jambo unampa pole, na kwa pole hiyo umeshatangaza kwamba wewe humo. Ukimkosea unasema nisamehe, na hapo umejifunga kamba mwenyewe, kosa lina mwenyewe na mwenyewe ni wewe. Sori haina adabu hizo. Inapita katikati kama paka wa nyumba mbili, huku anakula na huku anakula, na ukiuliza paka wa nani kila mtu anatazama juu.

Siku moja mwalimu alikuja kuchukua sweta lake. Alilipeleka la mtu mzima, likatoka la mtoto wa chekechea. Dobi akalinyanyua kwa vidole viwili, uso umemwanguka kama aliyefika msibani.

"Sori, mwalimu. Limerudi hivi."

"Limerudi kutoka wapi?"

"Sori?" akasema dobi, akitega sikio. Hiyo ni ile ya sijakusikia.

Mwalimu akarudia swali. Dobi akasema sori, mashine hizi, na hiyo ni ya kumtupia mwingine mzigo. Mama mmoja akawa anataka kupita na kapu lake, akapewa sori ya nipishe nikupishe. Mwisho mwalimu akasema basi nilipe sweta langu, naye dobi akashika kifua, akasema sori kwa sauti ya chini kabisa. Hiyo ndiyo hapana. Mwalimu wa watu akakunja kisweta chake, na alipofika mlangoni akageuka akasema ahsante. Nilicheka mpaka kitana kikanidondoka.

La sweta lilinichekesha. La mdogo wangu halikunichekesha hata kidogo.

Mdogo wangu ndiye mke wa dobi. Mwaka huu alipasuliwa tumbo, wakamtoa uvimbe, akalazwa. Alipopona vya kutosha daktari akamwambia nenda nyumbani, ila usitembee mbali wala usibebe kitu. Dobi aliambiwa jana yake aje kumchukua. Akajibu, "Asubuhi na mapema." Mimi kwa kusikia hivyo nikaenda zangu upande wa pili wa mji kumsuka bibi harusi, roho imetulia, mdogo wangu si ana mume.

Asubuhi ikaja, mume hakuja. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa, ameshafunga mfuko wake, na kitanda amepewa mgonjwa mwingine, basi akaenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Akaazima ya muuguzi, akapiga, ikaita mpaka ikakata. Chakula cha mchana kikapita mbele yake kwenye toroli, yeye si mgonjwa tena, hana sahani. Wenye wagonjwa wao wakaja kuwaona, wakaondoka. Mfagizi akamwomba anyanyue miguu afagie chini yake. Alipoombwa kunyanyua miguu mara ya pili akanyanyuka mwili mzima, akatembea, mkono mmoja umeshika mfuko na mwingine umeshika mshono. Alipita mtaa wa nyumbani kwake akaja kwangu.

Kesho yake dobi akaegemea mlango wangu.

"Sori, mke wangu."

"Sori ya nini?"

"Ya jana."

"Jana kulikuwa na nini?"

"Si yale mambo, yaliingiliana."

Mdogo wangu akageukia ukutani. Alipoondoka dobi, aliniambia: "Dada, siku atakayonitamkia kwa mdomo wake alichonifanyia, nitarudi. Asipotamka, ndoa imekwisha." Nami ninamjua, yule hasemi kitu ili ajisikie sauti. Maneno hayo nikayavusha barabara, nikamfikishia dobi kama yalivyo.

Jueni pia kwamba kwangu kuna kitanda kimoja, na mtu mwenye mshono halazwi chini. Nililala sakafuni mimi, mwenye mgongo wa kusimama kutwa. Upatanisho ule niliutaka kuliko wenye ndoa.

Dobi naye hakulala. Alipoona sori imegoma, akaanza kuleta ndugu zake, kila siku mmoja. Alileta kumradhi. Akaleta niwie radhi, hiyo nadhani aliitoa redioni. Akaleta yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akaleta binadamu hakosi kukosea, akaleta bahati mbaya, akamleta na shetani, maskini shetani wa watu akaingizwa kwenye mambo ya udobi bila kuulizwa. Siku nyingine akaja na mashuka yaliyonyooshwa vizuri, akayaweka miguuni pa kitanda, akasema, "Mke wangu, tusameheane."

Mdogo wangu akainua kichwa. "Mimi nimekukosea nini?"

"Sori," akasema dobi, akarudi dukani.

Kila neno alilolileta lilikuwa limepigwa pasi, halina hata kunyanzi. Nikamfuata huko huko kwenye mvuke wake, nikamwambia, "Shemeji, maneno umeyamaliza, ukiendelea utaanza kuazima. Mbona lile moja halitoki? Mficha uchi hazai."

"Nilisahau, shemeji. Kila mtu anasahau."

"Basi mwambie hivyo hivyo, nilikusahau."

Akawa anatazama viatu vyake. Nikadhani ni kiburi cha wanaume, kile cha kuona kichwa chao hakipotezi kitu. Majirani walianza kumlaumu mdogo wangu, kusahau si dhambi, mwanamke gani huyu mwenye moyo wa jiwe. Hata mimi nilianza kuwaelewa, hasa upande wa mgongo.

Hata ikafika asubuhi moja mdogo wangu ameamka ana nafuu, akasema nimsuke, nywele zimemchosha. Nikamweka kwenye kiti mbele ya kioo. Nilikuwa nimeshachana, nagawa mstari wa kwanza, tukamwona dobi kwenye kioo anavuka barabara. Mikono ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Hakuleta shuka wala nini.

"Sori," akaanza.

Nikainua kitana. "Shemeji, hiyo iache huko huko ng'ambo."

Povu likawa linamdondoka kwenye sakafu yangu niliyotoka kuipiga deki, nami nikaliacha lidondoke.

"Sikusahau," akasema.

Mkono wangu ukasimama kichwani mwa mdogo wangu.

"Nilikumbuka tangu asubuhi. Hata simu ilipoita nilijua ni wewe. Nilikuwa na mashuka ya gesti, wanayataka siku ile ile, na pasi ilikuwa imeshashika moto. Nikasema moyoni, huyu ni mke wangu, atangoja. Mteja hangoji. Nilipomaliza jioni nikaona aibu kuja. Nikachukua nguo nyingine nikaendelea kupiga pasi."

Hasira zilinipanda nikavuta nywele bila kujijua, mdogo wangu akasema aa, dada. Kumbe siku zote zile sori ilikuwa imekalia jambo hili kama mtu anayekalia pesa ya mwenzake iliyoanguka. Mimi nimelala chini, majirani wamesema weee, na mtu analo moyoni, analizungushia kumradhi.

Mdogo wangu hakugeuka. Alimtazama kwenye kioo.

"Nilijua," akasema. "Mtu aliyesahau akikumbuka huja mbio. Wewe ulikuja kesho yake, umechana nywele."

"Nilikuacha pale makusudi," akasema dobi. "Nisamehe." Na hiyo ilitoka imekunjamana, haijapitiwa na pasi yoyote, nusu yake aliisemea kooni. Sikuwahi kumsikia akiisema kabla ya hapo.

Mdogo wangu akasema, "Haya. Nenda hospitali. Nje ya wodi niliyolazwa kuna benchi. Kaa pale, mimi nitakuja kukuchukua turudi nyumbani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Lakini nina suti za watu zime..."

Mdogo wangu akamtazama tu kwenye kioo. Dobi akafuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara, akafunga duka asubuhi ile kweupe, wateja wawili wakiwa wamesimama na vifurushi vyao. Niliwasikia wakimuuliza wafanyeje. Hakuwapa hata sori. Tukamwona anapanda mtaa, mgongo umeinama, mpaka kona ikamficha.

Nikashika kitana. Nikamwambia mdogo wangu, "Haya, ulisema mistari sita minene, tumalize upesi umuwahi mumeo."

"Nimebadili mawazo, dada. Nisuke zile ndogondogo, nyembamba kama uzi."

"Hizo zitatufikisha jioni."

"Sori," akasema mdogo wangu, akaegemea kiti.

Nikabandika maji ya chai, nikachagua kitana chenye mkia mwembamba kuliko vyote, nikaufumua ule mstari wa kwanza, nikaanza upya bila haraka.