Nikikuelewa, Nakupiga

Fimbo aliileta mwenyewe. Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amemaliza sekondari. Aliikata kwenye kahawa zetu hapa Nkanka, akaichubua ganda, akaiweka mezani kando ya sahani yangu ya sambaza, dagaa wa ziwani kwetu. Aliniomba nimpige. Ningeweza kusema hapana na chakula kikaendelea. Nilisema sawa.

Alitaka kwenda Ujerumani kujifunza kazi ya kuuguza wazee. Huko walikuwa tayari kumpokea, ila kwanza afaulu mtihani wa Kijerumani unaofanyiwa Kigali. Alikuwa amesoma mwaka mzima kwenye simu, na bado maneno yalimkimbia.

"Papa, siku muzima niko nasema Kinyarwanda na Kiswahili," alisema. "Ile luga inaingia asubui, saa sita imeshatoka. Unifanyie vile balikufanyia ku masomo."

Mimi nilisomea ng'ambo ya mto, Bukavu. Shuleni kwetu palikuwa na kipande cha mti chenye kamba, tukikiita simboli. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya nyumbani badala ya Kifaransa alivikwa shingoni, na hakuweza kukivua mpaka amnase mwenzake naye amvike. Aliyebaki nacho jioni alichapwa mbele ya wote. Habari hiyo niliisimulia mezani miaka na miaka, nikicheka, na kila mara nilimalizia: "Ndiyo maana Kifaransa changu hakina kasoro." Nilikuwa nadanganya. Kifaransa nilikipata kwenye redio ya jirani, nikikaa chini ya dirisha lake. Fimbo ilinifundisha kunyamaza na kuwavizia wenzangu, basi. Lakini hilo sikuwahi kulisema mbele ya watoto, na huyu mmoja aliniamini.

Kijerumani sijui hata salamu yake. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa fupi: nikikuelewa, nakupiga.

Mama yake aliisikia akiwa anaosha vyombo. "Wewe Mzee, ule ni mutoto ao ni punda?"

"Ameomba mwenyewe."

"Na akiomba sumu utamupa?"

Mwanangu akacheka, akamjibu jambo refu kwa Kijerumani. Sikuelewa kitu, akapona.

Siku za kwanza zilikuwa mchezo. Anasahau, anasema, "Papa, chumvi," fimbo inatua mkononi, anajikuna na kucheka. Majirani waliopita kwenda ziwani walipiga kelele kutoka njiani: "Mwalimu! Leo mwanafunzi amekula ngapi?" Nilipenda kuitwa Mwalimu.

Wiki ya tatu sikungoja tena asahau. Nilianza kumtega. Nilisimama nyuma ya jiko akiongea na rafiki zake kwenye simu. Nilimwuliza ghafla, kama mtu mwenye haraka, "Mbuzi iko wapi?" Akifungua mdomo tu, "Iko—", nilikuwa nimeshampiga. Miguuni, mgongoni, popote fimbo ilipofika. Miguu yake ilijaa mistari, akaanza kuvaa suruali ndefu hata shambani. Fimbo ya kwanza ilipovunjika, ya pili niliikata mimi, na niliikata nene.

Siku moja tulikuwa tunalima mihogo. Jembe lilimteleza likampasua kidole cha mguu. Akapiga ukelele: "Mama weee!" Nilielewa. Nilimpiga mara mbili mgongoni akiwa ameinama, ameushika mguu, damu inapita katikati ya vidole vyake. Mama yake alitupa jembe akaja kusimama kati yetu, na pigo la tatu likamwangukia yeye begani. Hakulia. Alinitazama kama anayetazama mtu wa njiani, akamshika mtoto mkono, wakapanda nyumbani. Mimi nikamaliza mstari wangu wa kulima.

Na kweli Kijerumani chake kilikuwa kinaendelea. Mwalimu wake wa kwenye simu alimsifu, naye akaniletea sifa hizo huku anatabasamu, kwa ishara za mikono, asije akasema neno. Nikazichukua kama zangu. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili.

Jumapili, baada ya misa, aliingia uani na shati lake jeupe. Alisimama mbele ya kiti changu, akasema polepole, kwa Kiswahili, nisikose hata neno:

"Papa, inatosha. Nimeshajua. Tuache hii fimbo."

Fimbo ilikuwa mbali, ukutani. Niliinuka nikampiga kwa mkono, kiganja kizima, kwenye sikio la kushoto. Nimelima tangu ujana. Mkono wangu si mwepesi. Akaanguka kwa goti moja. Akasema, "Papa—" na hilo pia nililielewa, nikampiga tena palepale. Sikuwa nimekunywa. Hakuna mtu aliyeniudhi siku hiyo. Mtoto wangu aliniomba tuache, na mimi sikutaka kuacha, kwa sababu nilikuwa nimezoea na ilinipendeza.

Maji yenye damu yalishuka shingoni, yakaloanisha kola ya shati.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza ni nani aliyempiga. Mwanangu alisema ameanguka kwenye pikipiki. Muuguzi akanigeukia. "Na wewe Mzee, ulikuwa unaendesha?" Akalimulika sikio kwa tochi. Alisema ngoma ya sikio imepasuka. Baadaye sikio lilitunga usaha, na usaha ulipokwisha ulibaki mvumo ambao, alivyomwambia mama yake, ni kama mashine ya kusaga inayofanya kazi ndani ya kichwa bila kupumzika.

Akaenda Kigali hivyohivyo. Kusoma alifaulu, kuandika alifaulu, kuongea alifaulu vizuri. Sehemu ya kusikiliza, sauti hutoka kwenye kipaza sauti mbele ya chumba, na mvumo uliimeza. Alishindwa. Akarudia baada ya miezi, akashindwa tena hapohapo. Wale waliokuwa wakimngoja Ujerumani wakachukua mwingine.

Alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mpunga, Bugarama. Nilimfuata huko mara moja. Nilimkuta ndani ya maji hadi magotini, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nilikosa, kwamba habari ya simboli nilimdanganya, kwamba fimbo haikunifundisha lolote. Alinisikiliza amegeuza kichwa, sikio zima likiwa upande wangu. Kisha akasema, "Papa, rudi nyumbani," bila hasira, akainama kuendelea kupanda.

Mama yake humtembelea, mimi nabaki. Ile ‘sawa’ niliyoisema mezani ilimwondolea mwanangu sikio la kushoto, ikamkosesha Ujerumani, na mimi sina tena mtoto anayekuja kwangu.