Chupa ya chambo kwenye rafu ya juu: tulivyokula mayai ya kuvulia kule Doha, na Mzee Hamisi hakurudi

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika. Leo naandika. Niliishia darasa la tano, mtanisamehe nukta na mkato, lakini uongo hamtaukuta. Majina nataja. Mwenye jina lake akipita humu na asome.

Miaka ile Doha ilikuwa inachimbwa kila kona, metro bado haijaanza. Mimi na wenzangu tulikuwa wafagiaji na waosha boti kwenye maegesho ya boti pale The Pearl. Kampuni siitaji. Tulilala kwenye villa moja Al Thumama, ndege zinapita juu ya kichwa mpaka unazizoea.

Chumbani tulikuwa watatu.

Mimi Bakari, wenzangu waliniita Beka. Mzee Hamisi, mtu wa Kilwa, kashapita hamsini, mpole, hata akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye. Na Kato, Mganda, kijana mwerevu, Kiingereza kinamtiririka. Sisi wawili Kiingereza chetu kilikuwa cha yes na no sir.

Kato alikuwa mgonjwa wa kuvua. Off yetu ni Ijumaa, na kama hana zamu basi yuko Corniche, kando ya bahari, na ndoano.

Kuna Mfilipino wa boti moja pale kazini alimfundisha kutengeneza chambo cha mayai ya samaki. Kato akawa anakwenda soko la samaki, wale wakata samaki wanampa mayai ya nguru bure. Anayatandaza kwenye gazeti, anamwagia chumvi, sukari kidogo, rangi nyekundu ya jeli, halafu unga mweupe unaitwa boraksi, ule wanaotia kwenye maji ya kufulia. Yakikauka kidogo anayapanga kwenye chupa, anafunika, anaweka kwenye baridi.

Wakuu, ule unga ndio wenye kazi. Yai linakuwa gumu, halimeguki kwenye ndoano, halinuki, miezi inapita na bado linang'aa kama limetoka tumboni mwa samaki leo.

Tulikuwa tunamtania sana. Mzee Hamisi anamwambia, "Kato, samaki unawapikia na viungo, sisi wenzako tunakula dengu siku ya nne hii."

Kato anajibu, "Samaki hawalalamiki, mzee."

Tunacheka.

Sasa sikilizeni jambo la friji, maana hapo ndipo msiba ulipoingia.

Villa nzima tulikuwa na friji moja kubwa jikoni. Kila chumba kina rafu yake, ukigusa ya mwenzio ni ugomvi. Ila rafu ya juu kabisa ilikuwa ya wote. Ukipika kikabaki, unaweka juu. Aliyetoka zamu na njaa anachukua, haulizi mtu. Tuliiita rafu ya karibu. Hakuna aliyeiandika popote, lakini kila aliyeingia ile villa alifundishwa siku ya kwanza.

Na vyombo vyetu vilikuwa chupa za watu wengine. Chupa imeandikwa achari ya embe, ndani kuna dagaa. Kopo la kahawa, ndani kuna sukari. Kwa hiyo maandishi ya nje hayakuwa na maana kwetu. Unafungua, unanusa, unakula.

Chambo cha Kato hakikukaa humo. Alikuwa na kifriji chake kibovubovu nje, ukutani, karibu na mashine ya kufulia. Hilo namshukuru.

Jumatano moja akaja Fredi. Huyu alikuwa msimamizi wetu, Mkenya, mtu wa kupenda kuonekana anafanya kazi wakubwa wakiwa karibu. Kasimama mbele ya kile kifriji, kaziba pua na wala hakikuwa kinanuka.

"Kato, msee, hii takataka itoke leo. Inspection iko next week."

Kato akamwambia ampe mpaka Ijumaa akavue, kibaki kitupu.

"Nimesema leo. Ama nikitoe na wewe ndani."

Kikatolewa. Chupa mbili za chambo Kato akazimwaga, ya tatu ikamuuma roho kuimwaga. Rafu yetu ilikuwa imejaa. Akaiweka ile chupa rafu ya juu, nyuma kabisa, akaenda zamu. Hakutuambia mimi wala Mzee Hamisi.

Kato kwao ni bara, mayai ya samaki yanatupwa na matumbo. Nadhani hata hakuwaza kuna binadamu atayaona akameza mate.

Sisi watu wa pwani tukameza.

Ijumaa tumerudi kuswali, Kato kaitwa zamu ya ghafla, kuvua kumeshindikana. Nafungua friji, juu naona chupa ya achari, ndani mayai ya nguru mekundu, yamejipanga. Nimefungua, nimenusa. Chumvi tu. Nikajua Wamisri wanaolala chumba cha mbele wamebakiza. Kumbukeni ya Kato nilizoea kuyaona nje, kwenye kifriji chake. Kichwa changu hakikuunganisha.

Nikamwonesha Mzee Hamisi. Wakuu, sijawahi kumwona vile. Akaishika ile chupa kwa mikono miwili.

"Beka, mwanangu, haya kwetu Kilwa anapewa mgeni wa heshima. Mke wangu akiyapika, jirani anajileta."

Nikasuuza mara moja. Kitunguu, nyanya, pilipili, ndimu. Nikapika mimi. Andikeni hilo, aliyepika ni mimi.

Niliyaonja yana utamu wa mbali na ugumu kidogo. Nikala vijiko viwili, vitatu, nikamwachia. Alikuwa anakula huku kafumba macho. Sahani akaifuta kwa tonge.

Alasiri haijaisha tunatapika wote wawili. Matapishi yangu yalikoma. Yake yalikuja na rangi ya kijani kama ya bluu, sijaona rangi ile tena.

Kato alirudi zamu akatukuta hivyo. Aliingia jikoni, akaiona ile chupa tupu kwenye sinki. Najua aliiona kwa sababu alitoka kabadilika sura. Nikadhani ni huruma.

Ambulance ikaja. Kato akapanda na sisi, maana yeye ndiye mwenye Kiingereza.

Daktari akauliza wamekula nini. Kato akasema, "Fish."

Daktari akauliza tena, polepole, kama kuna dawa yoyote, chemical yoyote. Chemical nilikuwa nalijua hilo neno, limeandikwa kwenye ndoo zetu za kuoshea boti.

Kato akasema, "No, doctor. Only fish."

Nilikuwa kitanda cha pili nimelala ubavu. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Wakatutibu kama watu waliokula samaki mbovu. Daktari hana kosa, daktari anatibu alichoambiwa.

Mimi Jumapili asubuhi niliruhusiwa. Mzee Hamisi viganja na nyayo vilikuwa vyekundu kama vimemwagiwa maji ya moto, ngozi inaanza kutoka, na mkojo umekata. Nikamuaga. Akaniambia, "Beka, usimwambie mke wangu, atahangaika."

Nafika villa, Kato yuko jikoni anasugua ile chupa. Siku ya tatu hiyo, chupa ilishakauka, yeye anaisugua. Aliponiona akakaa chini sakafuni.

"Ssebo, yale yalikuwa ya ndoano."

Nikamuuliza mbona hukusema pale hospitali.

"Niliogopa. Wangesema mimi nimewatilia sumu. Wangenifunga."

Sikumpiga. Mpaka leo watu wananiuliza mbona hukumpiga. Nilichukua ile pakiti ya boraksi chini ya kitanda chake, nikakimbia barabarani, nikapata taksi. Daktari aliisoma pakiti, hakunigombeza, akaondoka mbio. Wakamuunganisha Mzee Hamisi na mashine ya figo mchana uleule.

Jumanne akafariki.

Nilimuuliza daktari kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: angejua Ijumaa, mzee angepona?

Akasema, "Maybe."

Wakuu, hiyo maybe ndiyo nimerudi nayo Bongo. Wenzangu walirudi na TV.

Haikuishia hapo. Fredi akatuita, mimi na Kato.

"Mkianza story za chemical, hii villa inafungwa na nyinyi wote mnapandishwa ndege. Mzee alikuwa na tumbo. Imeisha hiyo."

Nikanyamaza. Nilikuwa na watoto wanasoma. Na nilipewa simu nimpigie mjane, nikampigia, nikamwambia shemeji, mume wako amekufa kwa tumbo. Sauti yangu hii hii.

Kwa hiyo majina ni haya. Fredi, aliyetoa kifriji ili aonekane na akafunga midomo yetu. Kato, aliyesema only fish huku mtu anakufa mbele yake. Na Bakari, aliyepika, kisha akadanganya mjane. Msinisafishe.

Wale mnaovua na mnaotunza chambo cha mayai, sikatazi. Ila kikae na friji yake, hata kama ni boksi la barafu. Chupa isiwe iliyowahi kubeba chakula. Ifungwe kwa waya, ichorwe fuvu, maana wengi wetu kusoma ni shida lakini fuvu kila mtu analijua. Na waambie kwa mdomo wote unaolala nao, yai la chambo halitoi harufu ya kukuonya. Likitokea la kutokea, daktari akiuliza, sema. Jela mtu anatoka.

Mwaka jana nilikwenda Kilwa kumhani yule mjane, Bi Zainabu, baada ya miaka yote hiyo. Nilikwenda kumwambia.

Akaniandalia chakula. Akafunua bakuli, ndani mayai ya nguru, kitunguu, nyanya, ndimu.

"Kula shemeji. Mwenzio alikuwa akiyapenda haya. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho, wewe ndiye mgeni wangu."

Nikala. Akaongeza, nikala. Nikaaga, nikapanda gari, sikusema kitu.

Jumamosi hii nakwenda tena. Nimeandika hapa kwanza ili mdomo uzoee.

Kwa aliyewahi kupeleka neno kama hili kwa mjane, naomba aniambie. Unaanza kabla ya chakula, au unangoja mmalize kula, anawe mikono?