Kalamu ya Dawa Migombani

Bibi yule wa migombani hapendi kusaidiwa kuinuka. Mgongo wake umepinda kama anatafuta kitu alichodondosha, lakini hushika nguzo ya jiko, akajivuta taratibu mpaka asimame, ndipo aitikie shikamoo yangu. Vidole vyake vina weusi wa utomvu wa ndizi usiotoka kwa sabuni. Mimi ni nesi wa utafiti: tunajaribu sindano ya homoni kwa kina mama ambao mifupa yao imekuwa dhaifu, naye ni mmoja wao. Kila asubuhi hutoa kalamu ya dawa, bomba la sindano lenye umbo la kalamu, kwenye jokofu dogo tulilompa, huipangusa kwa khanga, hufumba macho na kuomba kwa Kimeru, kisha hujidunga pajani bila kukunja uso.

Leo nilifika bila taarifa. Kwenye benchi nyuma ya jiko walikaa kina mama wa jumuiya yake ya sala, khanga zimepandishwa, mapaja wazi, na bibi alikuwa akitoka kwa huyu kwenda kwa yule na kalamu ile ile, sindano ile ile.

"Bibi! Unawadunga dawa yako?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Na wao mifupa inawauma, nesi. Ulitaka nile peke yangu?"

Kabla sijamfikia kumnyang'anya kalamu, aliipangusa sindano kwa khanga yake, akafumba macho, akamwombea anayefuata.